Mama na Mtoto: Chakula Kinapomkataa Mtoto

Wazo la kwamba kipo chakula kisichomfaa mtu fulani ni la kale sana katika nchi hizi. Waganda husema omuziro, yaani kile ambacho watu wa ukoo hawakili kwa kuwa ndicho alama ya ukoo wao. Waswahili nao wana neno mzio, ambalo hapo zamani lilikuwa na maana ya chakula ambacho mtu amekatazwa asile, ama na mila, ama na mganga wake. Maneno haya mawili ni ndugu wa asili moja. Siku hizi madaktari wamelitwaa neno mzio na kulipa kazi nyingine: ni hali ya mwili wenyewe kukipiga vita chakula ambacho kwa watu wengine hakina madhara yoyote.

Yafaa tofauti hiyo ieleweke tangu mwanzo. Mtoto wa ukoo wa Nsenene asiyekula senene anashika mila ya baba zake, hana ugonjwa. Lakini mtoto wa ukoo mwingine anayekula senene wawili watatu, kisha midomo ikavimba na pumzi ikaanza kukatika, huyo ana mzio, na mila haina neno lolote katika jambo hilo. Wa kwanza anahitaji malezi ya kawaida. Wa pili anahitaji mganga wa hospitali upesi iwezekanavyo.

Katika jambo hili wazazi hukosea kwa njia mbili. Wako wanaodharau mzio wa kweli, wakasema mtoto anadeka, mpaka siku anapopatwa na hatari. Na wako, nao ni wengi zaidi, ambao kila kipele na kila choo chepesi huwa ni ushahidi wa kukiondoa chakula kimojawapo katika sahani ya mtoto. Leo huondoa mayai, kesho samaki, keshokutwa maharagwe na maziwa, hata mtoto akabaki na matoke na chai ya rangi. Huyo hafi kwa mzio, bali huharibika kwa njaa iliyojificha. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi nchini Ghana ilipokuwa ikiitwa Gold Coast, alieleza ugonjwa huo wa ukosefu wa protini na mwaka 1935 akaupa jina la kwashakoo, neno la lugha ya Kiga la huko huko. Nchini Uganda uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba watoto 29 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Katika hali ya namna hiyo, kumnyima mtoto chakula bora bila sababu ya kweli si jambo dogo.

MZIO NA KUSHINDWA KWA TUMBO

Kinga ya mwili ni kama askari wa zamu. Kazi yake ni kuwatambua maadui, yaani vijidudu vya magonjwa, na kuwafukuza. Katika mzio askari huyo hukosea, akaiona protini ya yai au ya karanga kuwa ni adui. Mwili humwaga kemikali ziitwazo histamini na nyinginezo, nazo ndizo ziletazo mwasho, uvimbe na kubanwa kwa pumzi. Vyakula viletavyo mzio mara nyingi zaidi kwa watoto wadogo ni maziwa ya ng'ombe, mayai, karanga, korosho na jamii yake, samaki, kamba, ngano, soya na ufuta, ambao nchini Uganda huitwa simsim. Senene na kumbikumbi nao huweza kuleta mzio, kwa kuwa wana protini inayofanana na ile ya kamba.

Mzio wa haraka huonekana katika dakika chache baada ya kula, na kwa kawaida kabla saa mbili hazijapita. Ngozi hutoka mabaka yaliyovimba na kuwasha, midomo na kope hufura, mtoto hutapika, hukohoa, au kifua hutoa sauti kama ya mluzi. Upo pia mzio wa polepole, ambao huchukua saa nyingi au hata siku. Huo huonekana zaidi tumboni: kutapika mara kwa mara, kuharisha kusikokoma, na pengine michirizi ya damu katika choo cha mtoto mchanga. Hata hivyo, damu katika choo yaweza kuwa ni ugonjwa wa kuhara damu, kwa hiyo mtoto wa namna hiyo apelekwe kituo cha afya bila mzazi kujiamulia jina la ugonjwa.

Kushindwa kwa tumbo ni jambo jingine kabisa. Hapo kinga ya mwili haihusiki. Ni tumbo tu ambalo halina uwezo wa kutosha wa kukisaga chakula fulani. Mfano mkubwa ni sukari ya maziwa, iitwayo laktosi. Takriban watoto wote wachanga huzaliwa na uwezo wa kuisaga, maana maziwa ya mama nayo yana laktosi kwa wingi. Kwa watu wengi uwezo huo hupungua baada ya miaka ya utoto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 na Sarah Tishkoff pamoja na wenzake ulionyesha kwamba baadhi ya watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, hasa wa makabila ya wafugaji, hurithi badiliko katika chembe za urithi linalowawezesha kunywa maziwa mpaka uzeeni. Ndiyo sababu watu wawili waweza kunywa kutoka kibuyu kimoja, mmoja akashiba na mwingine akaumwa na tumbo. Mtindi humpa shida kidogo mtu wa namna hiyo, kwa sababu sehemu ya laktosi huwa imekwisha liwa na vijidudu vinavyogandisha maziwa. Lakini mtoto mwenye mzio wa maziwa asipewe mtindi kwa matumaini hayo, maana protini imo bado.

Mtoto mdogo anaweza pia kushindwa na laktosi kwa muda mfupi baada ya kuharisha sana, kwa kuwa ngozi ya ndani ya utumbo imechubuka. Hali hiyo kwa kawaida hupona yenyewe katika siku au majuma machache. Haiwi kamwe sababu ya kumwachisha mtoto ziwa. Aendelee kunyonya, apewe maji ya chumvichumvi ya pakiti yaliyochanganywa kwa maji safi, na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 kama atakavyoelekeza mhudumu wa afya.

YASIYO MZIO

Mara nyingi mazungumzo ya nyumbani huenda hivi. Mkwe humwambia mama mkwe wake, "Mama, mtoto anaharisha tangu juzi, na ni siku ile ile nilipomwonjesha yai." Naye bibi, kwa huruma yake yote, hujibu, "Mwanangu, hilo si yai. Hayo ni meno ya uongo. Mpeleke kwa yule mzee akamtoe." Hapo ndipo hatari kubwa huingia nyumbani. Yale yanayoitwa meno ya uongo, au ebinyo, ni ufizi wa kawaida wa mtoto ambao meno yake yanajiandaa kutoka. Kuuchimba kwa msumari au kisu humletea mtoto maumivu, kutokwa na damu nyingi, kuoza kwa jeraha na pengine kifo, na kule kuharisha kunabaki vile vile. Kukata kilimi kwa ajili ya kikohozi au kutapika ni kosa la namna hiyo hiyo. Bibi aheshimiwe na asikilizwe, maana ameona mengi. Lakini ufizi wa mtoto usiguswe na chuma.

Wala vipele vyote havitokani na chakula. Surua, upele wa kuambukizwa, harara ya joto, na kuumwa na wadudu vyote huonekana katika ngozi. Kadhalika tumbo la mtoto huweza kuvurugwa na minyoo, maji machafu, au uji uliolala.

Sumu nayo isichanganywe na mzio. Mwezi Septemba mwaka 2017, katika wilaya ya Kasese, watu 98 waliugua na wawili kati yao wakafa baada ya kula ugali wa unga wa muhogo uliokuwa na sumu ya sayanidi. Hapa msomaji ashike kanuni moja iliyo rahisi: waliokula chungu kimoja wakiugua wengi pamoja, dhana ya kwanza ni sumu au uchafu katika chakula. Mzio huchagua mtu mmoja. Wenzake wa mezani hubaki salama.

NAMNA YA KUMWANZISHIA MTOTO CHAKULA

Mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi sita. Baada ya hapo aanze kula, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Mama anayenyonyesha hana haja ya kujinyima karanga, mayai au samaki kwa hofu ya kumletea mtoto mzio, isipokuwa mganga amemwambia hivyo kwa sababu maalumu.

Shida kubwa nyumbani ni unga wa uji uliochanganywa. Mama hununua sokoni unga wenye mahindi, ulezi, soya, karanga, simsim na dagaa, vyote vimesagwa pamoja, akampa mtoto siku ya kwanza. Uji huo una nguvu nyingi na ni mzuri. Lakini mtoto akitoka mabaka, ni nani atakayejua mwenye kosa ni yupi kati ya hao sita? Iliyo bora ni kuanza kwa nafaka moja, kisha kuongeza kitu kimoja kimoja. Chakula kipya kitolewe asubuhi, mtoto akiwa mzima, kwa kiasi cha ncha ya kijiko, kiongezwe kidogo kidogo. Siku mbili au tatu zipite kabla ya kuleta kingine. Kila nafaka ikiwa na kopo lake jikoni, mama atachanganya mwenyewe baada ya kujua kwamba vyote vinamfaa mwanawe.

Daftari la senti chache lina faida kuliko kumbukumbu ya kichwa. Ndani yake iandikwe tarehe, chakula, saa ya kula, saa ya dalili, na dalili zenyewe. Ukurasa mmoja wa namna hiyo humsaidia mganga kuliko maneno mengi.

Upo ushauri wa zamani ambao umekwisha batilishwa, nao bado unatembea midomoni mwa watu. Mwaka 2000 madaktari wa watoto wa Marekani walishauri kwamba watoto wenye hatari ya mzio wasipewe mayai mpaka miaka miwili, wala karanga na samaki mpaka miaka mitatu. Mwaka 2008 waliuondoa ushauri huo. Kisha mwaka 2015 daktari Gideon Lack na wenzake wa London walichapisha matokeo ya majaribio yao kwa watoto 640 wenye ukurutu mkali au mzio wa yai. Nusu walilishwa chakula cha karanga tangu miezi 4 hadi 11, na nusu walikatazwa kabisa. Walipofikia miaka mitano, katika kundi la watoto ambao ngozi zao hazikuonyesha dalili yoyote hapo mwanzo, waliokatazwa walipata mzio wa karanga karibu 14 katika kila 100; waliolishwa hawakufika 2. Kuchelewesha kulikodhaniwa kuwa ni ulinzi kulikuwa kunaongeza ugonjwa.

Kwa hiyo baada ya miezi sita mtoto apewe yai lililoiva sawasawa na karanga zilizosagwa laini sana, zikichanganywa katika uji au katika matoke yaliyopondwa. Akizikubali, azile mara kwa mara, zisiachwe kwa miezi mingi. Karanga nzima asipewe mtoto aliye chini ya miaka mitano, kwa sababu humpalia na kumziba pumzi. Na mtoto mwenye ukurutu mkali, au ambaye amekwisha onyesha mzio wa chakula kingine, aonwe na mganga kwanza kabla ya kuonjeshwa karanga.

MZIO UKIISHATHIBITISHWA

Mganga akithibitisha mzio, chakula hicho peke yake ndicho kiondolewe, na mahali pake pawekwe kingine chenye faida ile ile. Hilo la pili ndilo husahauliwa. Mtoto asiyeweza maziwa ya ng'ombe apate mukene au dagaa waliosagwa pamoja na mifupa yao, simsim, maharagwe na mboga za majani kama dodo. Asiyeweza mayai apate samaki, nyama ya kusaga, maharagwe au kunde. Kitobero, kile chakula cha mchanganyiko kilichofundishwa na kituo cha Mwanamugimu katika hospitali ya Mulago, kinafaa sana hapa. Msingi wake ni chakula cha kushibisha, chakula cha kujenga mwili na mboga, vikipondwa na kupikwa pamoja kwa mvuke katika majani ya ndizi. Kile kimoja kisichomfaa mtoto huondolewa, na kingine cha aina yake kikachukua nafasi.

Wazazi wengi wakiona maziwa ya ng'ombe yamemdhuru mtoto hukimbilia ya mbuzi. Hilo ni kosa, maana protini za maziwa hayo mawili hufanana sana, na watoto walio wengi wenye mzio wa moja hudhuriwa na la pili. Mtoto anayenyonya aendelee na ziwa la mama. Ikiwa ni lazima mama mwenyewe aache maziwa ya ng'ombe kwa kuwa yanamfikia mtoto kwa njia ya ziwa, na afanye hivyo kwa maelekezo ya mganga, kwa majuma mawili hadi manne, kisha arejeshe ili ionekane kama dalili zinarudi. Zisiporudi, aendelee kunywa maziwa yake kwa amani.

Chanjo nazo zimewatia hofu baadhi ya wazazi. Chanjo ya surua ni salama hata kwa mtoto mwenye mzio wa yai. Chanjo ya homa ya manjano, ambayo nchini Uganda iliingizwa katika ratiba ya watoto mwaka 2022, hutengenezwa kwa mayai. Basi mzazi wa mtoto mwenye mzio mkali wa yai amwarifu muuguzi kabla ya sindano, naye ataamua la kufanya.

Walezi wote waambiwe: yaya, bibi, jirani, mwalimu wa chekechea, na hata kaka na dada za mtoto. Mkono uliotoka kushika karanga unawe kabla ya kumlisha. Jambo la kutia moyo ni kwamba mzio wa maziwa, yai, ngano na soya huisha kwa watoto wengi kadiri wanavyokua. Ule wa karanga, korosho, samaki na kamba hudumu zaidi. Baada ya muda mganga aulizwe kama yafaa kujaribu tena. Lakini mtoto aliyewahi kubanwa na pumzi asijaribiwe nyumbani hata kwa punje moja.

SAA YA HATARI

Mtoto akivimba ulimi, sauti ikakwaruza, akapumua kwa shida, akalegea au akageuka rangi baada ya kula, hiyo ndiyo hali iitwayo anafilaksia, na huua. Dawa yake ni sindano ya adrenalini, nayo hupigwa kwenye msuli wa paja na mhudumu wa afya. Vidonge vya kuondoa mwasho havichukui nafasi yake. Mtoto asitapishwe kwa vidole, asinyweshwe mafuta, wala asipewe maziwa kwa ile imani kwamba maziwa huua kila sumu. Huenda maziwa hayo ndiyo yaliyomdhuru. Alazwe, miguu ikiinuliwa kidogo. Akipumua kwa shida aachwe akae kwa namna anayopata nafuu. Akitapika alazwe ubavu. Pikipiki ya kwanza inayopita isimamishwe, na mtoto apelekwe kituo cha afya kilicho karibu huku mzazi akitaja mara moja kile alichokula. Hata akipata nafuu abaki chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, kwa sababu hali hiyo huweza kurudi.

Kabla ya siku hiyo kufika, ambayo kwa watoto walio wengi haifiki kamwe, mzazi mwenye mtoto wa mzio aende kituoni akiwa na utulivu, aulize kama adrenalini ipo na ni nani anayeweza kuipiga usiku. Jibu la swali hilo liandikwe katika daftari lile lile la chakula, na kila mtu wa nyumbani alijue.

Juma lijalo safu hii itaeleza jinsi ya kuanika na kuhifadhi karanga na mahindi yasipate ukungu, maana karanga yenye ukungu humdhuru mtoto asiye na mzio sawasawa na mwenye nao.